Msiwafungie wanafunzi mlango wa kuchunguza usiri wa sarafu za kidijitali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki iliyopita kuhusu tafiti za wanafunzi wa kompyuta. Alitaja mada mbili zilizomkera. Ya kwanza ni usiri wa sarafu za kidijitali, ambayo kwake ni sawa na kumfundisha kijana namna ya kuficha fedha za wizi. Ya pili ni ubanaji wa video, yaani kupunguza ukubwa wa faili zake. Huo, anasema, ulishamalizwa siku nyingi na wataalamu wakubwa, simu ya mfukoni inaufanya bila kuombwa, basi mwanafunzi anatafuta nini humo?

Nimesimamia miradi ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho kwa miaka 14. Mwaka jana mada hizo mbili zilifika mezani kwangu kwa pamoja. Moja ilikuwa ya binti mtaratibu anayeandika kila kitu kwa penseli, nyingine ya kijana anayependa kamera kuliko kitabu. Kamati ya idara ilipitisha ya kijana, ikakataa ya binti. Sababu iliyoandikwa kwenye fomu yake ilikuwa mstari mmoja tu, kwamba mada inaweza kusaidia uhalifu. Nilikuwamo kikaoni, nilipinga, nikashindwa kwa kura. Barua ya msomaji imenigusa penye kidonda, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nianze na hilo la uhalifu, maana ndilo zito.

Watu wengi wanaamini Bitcoin inaficha watumiaji wake. Haiwafichi. Tangu bloku (fungu la miamala) ya kwanza ya tarehe 3 Januari 2009, kila muamala umeandikwa kwenye daftari ambalo yeyote mwenye intaneti anaweza kulipakua na kulisoma toka mwanzo hadi mwisho. Jina la mtu halimo, zimo anwani tu, misururu ya herufi na tarakimu. Anwani ni jina la bandia, na jina la bandia likitumika mara nyingi mwenyewe hujulikana. Satoshi Nakamoto, jina analojulikana nalo mwanzilishi wa Bitcoin, katika andiko lake la mwaka 2008, alishauri mtu atumie anwani mpya kwa kila muamala, na hapo hapo akakiri kwamba muamala unaokusanya sarafu kutoka anwani kadhaa unafichua kuwa zote zina mwenyewe mmoja. Ukilipa deni kwa kutoa noti mfuko wa kulia na nyingine mfuko wa kushoto, anayekutazama ameshajua mifuko yote miwili ni yako.

Kuna na suala la chenji. Sarafu uliyopokea kwenye Bitcoin haimegwi, hutumika nzima, na kinachozidi kwa kawaida hukurudia kwenye anwani nyingine. Anayejua kuitambua chenji kati ya malipo anaweza kumfuata mtu hatua kwa hatua, miezi hata miaka.

Na aliyelionyesha jambo hili kwa vitendo alikuwa mwanafunzi. Mwaka 2013 Sarah Meiklejohn, wakati huo akisomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, pamoja na wenzake, walifanya miamala 344 kwa mikono yao wenyewe. Walinunua vitu vidogo vidogo, wakaweka sarafu kwenye masoko ya kubadilishia fedha na kuzitoa, wakiandika kila mara anwani iliyowajibu ilikuwa ya nani. Kwa miamala hiyo michache, wakiunganisha na ile kanuni ya mifuko miwili na ile ya chenji, waliweza kutaja wenye makundi makubwa ya anwani ambayo hadi siku hiyo yalikuwa tarakimu tupu. Njia hiyo ndiyo iliyokua hadi kuwa kazi ya kila siku ya wapelelezi wa fedha. Mwaka 2016 soko la Bitfinex liliibiwa karibu bitcoin 120,000. Mwaka 2022 serikali ya Marekani ilitangaza kukamata zaidi ya 94,000 kati ya hizo. Zaidi ya miaka mitano ilikuwa imepita, na daftari lilikuwa pale pale, halijafutika hata mstari. Msomaji mwenzangu anasema utafiti wa namna hii unamsaidia mwizi. Aliyesaidiwa hapo ni aliyeibiwa.

Lakini sitaki kujificha nyuma ya polisi. Usiri ni haki ya mtu mwema pia. Mtu akilipwa mshahara kwenye daftari la wazi, kila anayejua anwani yake anajua anapokea kiasi gani, anatoa kiasi gani, na amebakiwa na nini. Mwenye nyumba anajua, mshindani wake kazini anajua, mume mkorofi anajua. Hakuna kati yetu ambaye angekubali benki yake ibandike taarifa za akaunti yake ukutani. Anayechunguza kama sarafu fulani inamlinda mtu huyo au inamdanganya kwamba inamlinda anafanya kazi ya manufaa, na matokeo yake lazima yatangazwe, kwa sababu mtu anayedhani amefichwa huku anaonekana yuko pabaya kuliko anayejua kuwa anaonekana.

Zipo sarafu zilizoundwa makusudi kwa ajili ya usiri. Monero, iliyoanza mwaka 2014, huchanganya sarafu ya kweli na chambo, yaani sarafu nyingine za kumpoteza mfuatiliaji, ili anayetazama asijue ipi imetumika. Mwaka 2018 watafiti walichapisha kwamba katika miaka ya mwanzo, ukichagua tu ile mpya kuliko zote katika mchanganyiko ungepatia takriban mara nane katika kumi. Sababu yake ni ya kibinadamu kabisa. Watu hutumia fedha waliyoipokea karibuni, wakati chambo ziliokotwa kutoka zamani. Waundaji wamekuwa wakirekebisha namna ya kuokota chambo, na tangu Agosti 2022 kila sarafu ya kweli inaambatana na chambo 15. Zcash nayo ilizinduliwa tarehe 28 Oktoba 2016, ikitumia hisabati inayothibitisha kuwa muamala ni halali bila kuonyesha mlipaji, mlipwaji wala kiasi. Si hisabati hiyo iliyovujisha usiri. Walioyumba ni watumiaji, waliokuwa wakiingiza kiasi fulani kwenye sehemu ya siri (Zcash ina sehemu ya wazi pia) na kutoa kiasi kile kile muda mfupi baadaye. George Kappos na wenzake wa University College London walionyesha mwaka 2018 kwamba kwa kuangalia mazoea ya namna hiyo tu, lile kundi ambalo mtu angejificha ndani yake linapungua kwa takriban asilimia 69. Mmoja wa waandishi wa utafiti huo ni Meiklejohn yule yule. Safari hii alikuwa mwalimu.

Sasa video. Hapa nataka kumweleza msomaji kwa upole, kwa sababu nadhani hajawahi kuonyeshwa kilichomo ndani.

Chukua video ya kawaida, pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080. Kila pikseli ikichukua baiti tatu, fremu moja, yaani picha moja ya video, ni baiti 6,220,800. Kwa fremu 25 kila sekunde, dakika moja inakula zaidi ya gigabaiti 9. Hakuna anayetuma mzigo huo. Kinachofanyika ni kutabiri. Ukuta uliokuwa mweupe kwenye fremu iliyopita utakuwa mweupe kwenye hii, basi hautumwi tena, unatumwa ujumbe mfupi kwamba pale hapajabadilika. Mtu akitembea, kila kipande cha mwili wake kinatafutwa kwenye fremu iliyotangulia, kisha unatumwa umbali tu, amesogea kiasi gani kulia na kiasi gani juu. Pale utabiri ulipokosea, lile kosa ndilo linalogeuzwa kuwa masafa, linapunguzwa makali mahali ambapo jicho halitagundua, na kupelekwa. Kinachotabirika karibu hakigharimu kitu. Kinachoshtua ndicho ghali.

Kijana wangu alipanga kamera juu ya kabati la maabara ikitazama korido, akaiacha irekodi saa mbili. Kisha akachora grafu, mlalo ukiwa muda na wima ukiwa idadi ya baiti za kila fremu. Ukiacha vijino vidogo vya kila sekunde kumi, pale fremu kamili inapotumwa upya, mstari ulikuwa bapa kama sakafu, na juu yake vilima vya ghafla hapa na pale. Binti alikuwa anapita nyuma ya kiti chake. Akasimama. Video yenyewe hakuwa ameiona. Akaweka ncha ya penseli juu ya kilima kimoja chembamba.

"Kaka, hapa mlango umefunguliwa."

Akasogeza penseli hadi kwenye kilima kipana. "Na hapa wamepita watu wengi. Nadhani kipindi kilikuwa kimeisha."

Kijana akafungua video, akaenda kwenye dakika ya kwanza. Mlango. Akaenda kwenye ya pili. Kundi la wanafunzi wakitoka darasani na mikoba yao. Wote wawili walinyamaza, nami nikanyamaza, kisha kijana akanigeukia: "Mwalimu, kwa hiyo hata nikiisimba hii video isifunguliwe na mtu, anayehesabu baiti tu bado ananiona?"

Ndugu Mhariri, katika miaka yangu yote ya kusimamia sijawahi kusikia swali zuri kuliko hilo likizaliwa mbele yangu. Na lina jibu. Mwaka 2017 Roei Schuster, Vitaly Shmatikov na Eran Tromer walionyesha kwamba video inayotiririshwa mtandaoni ikiwa imesimbwa kikamilifu, yaani imegeuzwa isisomeke bila ufunguo, inaweza kutambuliwa ni ipi kwa kufuatilia mpangilio wa mafurushi ya data yanavyopishana ukubwa. Video hutumwa kwa vipande vya sekunde chache. Mandhari tulivu ni kipande chepesi, yenye vurugu ni kizito, na mfululizo wa vyepesi na vizito ni kama alama ya kidole. Ubanaji uliofanywa ili kuokoa baiti ndio unaotoboa siri. Nilipowapa andiko hilo wasome, binti ndiye aliyegundua jina la Tromer, kwa sababu alikuwa nalo kwenye daftari lake upande wa pili. Tromer ni mmoja wa waandishi wa Zerocash ya mwaka 2014, andiko lililokuwa msingi wa Zcash.

Basi nieleze ninachokiona mimi. Anayebana video anatafuta kinachotabirika ili asikitume. Anayechunguza usiri wa sarafu anatafuta kinachotabirika ili ajue nani amelipa. Kuchagua sarafu mpya kuliko zote kwenye Monero, kuona kiasi kile kile kikiingia na kutoka kwenye Zcash, kusoma mlango kwenye grafu ya baiti, yote ni kazi ya jicho lile lile. Kamati yetu iliwatenganisha watoto wawili waliokuwa wakisoma jambo moja, mmoja akaitwa mtafiti na mwenzake akatiliwa shaka.

Kuhusu madai kwamba ubanaji umekwisha, historia inakataa, na inakataa kwa sauti ya wanafunzi. Mwaka 1951 Robert Fano, mwalimu wa chuo cha MIT huko Marekani, aliwapa wanafunzi wake hiari: mtihani wa mwisho, au insha ya kutafuta njia bora kabisa ya kuandika alama kwa biti chache. David Huffman alichagua insha. Hakujua kuwa Fano mwenyewe alikuwa amelihangaikia tatizo hilo bila kulimaliza. Alisota miezi, akakaribia kutupa karatasi zake na kuanza kujisomea mtihani, ndipo jibu likamjia: uujenge mti kuanzia chini, kwenye alama zinazotokea mara chache zaidi. Ulichapishwa mwaka 1952, na uko ndani ya picha za JPEG hadi leo. Nasir Ahmed naye mwaka 1972 aliomba fedha za kuchunguza wazo lake la kugeuza picha kuwa mawimbi ya kosaini, akanyimwa. Aliendelea nalo pamoja na mwanafunzi wake wa uzamivu, T. Natarajan, na mwenzake K. R. Rao, wakalichapisha Januari 1974. Kuanzia kiwango cha ubanaji cha H.261 cha mwaka 1988 hadi VVC ya mwaka 2020, video imebanwa kwa wazo hilo na jamaa zake. Na kama kazi ingekuwa imekwisha, baada ya H.264 ya mwaka 2003 tusingekuwa na haja ya HEVC ya 2013, wala AV1 ya 2018, wala hiyo VVC.

Kuna na wa tatu, ambaye nilimtaja kikaoni. Mwaka 1974 Ralph Merkle, akiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipendekeza mradi wa kozi: watu wawili ambao hawajawahi kukutana wawezeje kukubaliana siri huku kila mtu anawasikiliza. Hakueleweka. Aliacha kozi, akaendelea na wazo peke yake, na andiko lake lilikataliwa kwanza kabla ya kuchapishwa mwaka 1978. Huyu ndiye ambaye mti (mpangilio wa data) unaoitwa kwa jina lake unafunga miamala ndani ya kila bloku ya Bitcoin.

Simwambii msomaji kwamba kila pendekezo lipite. Nimekataa mengine mwenyewe. Alinijia kijana akitaka kujenga huduma ya kuchanganya sarafu za watu na kuiweka wazi mtandaoni. Nilimkatalia siku hiyo hiyo, kwa kuwa hakuwa na swali, alikuwa na biashara, tena ya kumtia matatani. Wapo pia wanaokuja na mada ya kripto kwa sababu wameahidiwa utajiri mahali fulani. Hao nao huwa nawaelekeza kwingine. Tofauti huonekana ukisoma pendekezo lenyewe.

La binti lilikuwa na kurasa sita. Ukurasa wa tatu ulisema waziwazi kwamba atatumia mtandao wa majaribio wa Bitcoin, ambao sarafu zake hazina thamani, kwamba pochi zote (programu za kutunzia sarafu) zitakuwa zake na za wenzake waliokubali kwa maandishi, na kwamba hatajaribu kumtambua mtu yeyote kwenye daftari halisi. Niliusoma ukurasa huo kwa sauti kikaoni. Mjumbe mmoja aliniuliza, "Na akimaliza, nani atamzuia kwenda kwenye daftari halisi?" Nilimjibu kwamba daftari halisi liko wazi kwa dunia nzima leo hii, na wanaolisoma kwa nia mbaya hawakutuomba kibali.

Alikuwa ameshafanya jaribio dogo kabla ya kikao, kunionyesha kwamba linawezekana. Alifungua pochi tatu, akazitumia kwa wiki tano kana kwamba ni za watu watatu tofauti, kisha akampa yule kijana wa video orodha ya anwani zote zikiwa zimevurugwa. Kazi yako, alimwambia, ni kuniambia watu ni wangapi. Kijana alikaa nayo jioni moja. Alizitenga pochi mbili bila kukosea, lakini anwani za pochi ya tatu zikawa zinamkimbia, hadi alipofika kwenye muamala mmoja wa wiki ya nne. Humo binti, akiwa amepungukiwa na sarafu kwenye pochi moja, alijazia kutoka nyingine. Mara moja tu katika wiki tano. Kijana alizungushia muamala ule duara la wino mwekundu, akasema, "Dada, hawa wawili ni mtu mmoja." Binti alitazama lile duara muda mrefu. Alikuwa mwangalifu kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha, na alikuwa anajua kanuni ya mifuko miwili kwa moyo.

Nilitaka kamati imwone akiwa ameinamia karatasi ile. Badala yake alipewa siku kumi atafute mada nyingine. Alifanya mfumo wa kusajili mahudhurio, akaufanya vizuri, akafaulu. Kijana alitetea mradi wake wa video, na katika sura ya mwisho akaweka ile grafu ya korido na kumshukuru mwenzake kwa jina. Kamati ilimpongeza kwa sura hiyo kuliko nyingine zote.

Ninachoomba hakihitaji fedha. Idara zinazopitia mapendekezo ziulize data inatoka wapi, nani ameridhia itumike, matokeo yataonyeshwaje bila kumdhuru mtu, na msimamizi atakagua lini. Pendekezo likijibu hayo, mwanafunzi aachwe afanye kazi, hata kama jina la mada linatisha. Na msomaji mwenzangu nakukaribisha, kwa moyo mweupe, uje uketi kwenye utetezi wa miradi mwaka huu. Huwa ni wazi kwa watu wote na viti vya nyuma havijai.

Daftari la binti liko kwangu. Aliniachia siku ya mwisho, akasema labda yupo mwingine atakayelihitaji. Kwenye ukurasa wa mwisho ulioandikwa kuna swali moja kwa penseli, limepigiwa mstari mara mbili: mtu anayelipa kiasi kile kile, siku ile ile ya kila mwezi, chambo 15 zitamficha kwa miezi mingapi? Chini yake ameacha nafasi ya jedwali. Mistari ya jedwali imeshachorwa kwa rula, safu ya miezi imejazwa kuanzia 1 hadi 24, na safu ya majibu ni tupu.

Wako,
Msimamizi wa miradi ya wanafunzi, idara ya kompyuta